Je, Maskini Wote ni Wema?

Mwanafunzi mmoja wa sekondari ametuletea insha yake, akitaka tuipime. Yahusu kitabu cha Mfaransa Victor Hugo, Les Misérables, kilichotolewa mwaka 1862. Neno lake kuu ni hili: matajiri ni wabaya, maskini ni wema.

Kwanza twamsifu. Lugha yake ni safi, na moyo wake wawahurumia wanyonge. Ameeleza vema jinsi Jean Valjean alivyoiba mkate mmoja kwa ajili ya watoto saba wa dada yake, akahukumiwa miaka 5. Na kwa kuwa alijaribu kutoroka, akakaa kifungoni miaka 19. Ameeleza pia jinsi Fantine, alipofukuzwa kazini, alivyouza nywele zake, kisha meno, mwisho mwili, ili amlishe mtoto wake. Hapo twakubaliana naye: amlaumuye Fantine peke yake, pasipo kuwataja waliomfukuza, hahukumu kwa haki.

Lakini nusu ya kitabu ameisahau. Thénardier, mwenye nyumba ndogo ya wageni, alilemewa na madeni. Hata hivyo alimtesa mtoto wa Fantine na kumnyang'anya mama fedha. Askofu Myriel alizaliwa katika jamaa ya wakubwa. Lakini aliwaachia wagonjwa jumba lake, na katika mshahara wake wa faranga 15,000 kwa mwaka alijiwekea 1,000 tu. Tena, kiwanda kilichomfukuza Fantine kilikuwa cha Valjean mwenyewe, aliyekuwa sasa tajiri mwenye huruma. Hakujua lililotendwa kwa jina lake. Hapo pana fundisho kubwa, na mwanafunzi wetu amepapita upesi: hata tajiri mwema aweza kumwangamiza mtu asipotazama.

Basi, twampa 12 juu ya 20. Hatumpunguzii kwa kuwa amewatetea maskini. Na aendelee kuwatetea! Lakini asemaye kwamba maskini hawezi kukosa amemnyima utu wake; naye asemaye kwamba tajiri hawezi kutenda mema amempa udhuru. Hali yaweza kumsukuma mtu, walakini haimwondolei hiari yake.

Kijana, kirudie kitabu. Mtafute yule anayeipinga hoja yako, umpe nafasi katika insha. Hoja isiyojaribiwa ni kama mtungi usiotiwa maji: hujui kama wavuja.