Watunzi Walio Ugenini na Meza Yao Wenyewe

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Je, achezaye ugenini atatunzwa na nani? Swali hilo liliwakabili watu wa visiwa vya Karibi na Guyana waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Walifanya kazi viwandani, hospitalini na katika mabasi, lakini habari zao ziliandikwa na wengine. Baadhi yao walikataa jambo hilo, na yafaa tuone walifanyaje.

John La Rose, mzaliwa wa Trinidad, alifika Uingereza mwaka 1961. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na alikiwakilisha huko Ulaya chama cha wafanyakazi wa mafuta wa kwao. Mwaka 1966 yeye na Sarah White walianzisha New Beacon Books, nyumba ya kutoa na kuuza vitabu. Kisha wakaja Jessica na Eric Huntley, mke na mume kutoka Guyana. Serikali ya Jamaica ilipomkataza Walter Rodney kuingia nchini mwezi wa Oktoba 1968, Huntley na mkewe walizipiga chapa hotuba zake mwaka uliofuata. Nyumba yao waliiita Bogle-L'Ouverture, kwa heshima ya Paul Bogle wa Jamaica na Toussaint L'Ouverture wa Haiti.

Hapo pana fungu letu pia. Rodney, naye Mguyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na Bogle-L'Ouverture pamoja na Tanzania Publishing House. Mtunzi alikuwa mbali na kwao, na wachapishaji wake wa London vilevile. Lakini kitabu kilikwenda mikononi mwa wale kilichowahusu.

Kazi hiyo haikuwa ya salama. Katika miaka ya 1970 maduka ya vitabu ya watu weusi yalishambuliwa na wabaguzi. Mwezi wa Januari 1981 vijana 13 weusi walikufa kwa moto katika nyumba moja ya New Cross, London. Tarehe 2 Machi maelfu waliandamana mjini, na kamati iliyoongoza maandamano hayo mwenyekiti wake alikuwa La Rose.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1982, nyumba hizo mbili pamoja na Race Today zilifungua London Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu vya Kimapinduzi vya Watu Weusi na vya Dunia ya Tatu. Aliyeyafungua ni mzee C. L. R. James, naye wa Trinidad. Maonyesho hayo yalifanyika mara 12 hadi mwaka 1995, yakafika pia Manchester na Bradford. Watunzi, wachapishaji na wasomaji walikutana, wakauziana vitabu, wakajadiliana na kusikiliza mashairi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hata mzalendo wa Kiingereza aliyeingia alijifunza mambo ambayo shuleni hakufundishwa.

Mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikwama London, kwa kuwa kurudi Kenya kulikuwa hatari. Ikaundwa kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya wafunguliwe, La Rose akiwa mwenyekiti. Miongoni mwa wanakamati alikuwamo Ngũgĩ, na pia Abdilatif Abdalla, malenga wa Kiswahili aliyefungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972. Wa Trinidad alibeba mzigo wa Mkenya kama wake.

Mtunzi aliye ugenini hutegwa na mitego miwili. Wa kwanza ni kuandika ili kumpendeza mwenyeji. Wa pili ni kukaa akilia kwao, asiwaone jirani zake. Watu hawa waliiepuka yote miwili kwa kushikamana na wafanyakazi wa pale walipoishi, bila kusahau walikotoka.

Nasi wasomaji tuna wajibu wetu. Kitabu hakina miguu: lazima kinunuliwe, kisomwe, kipitishwe kwa mwenzako kazini. Kama hatununui vitabu vya watunzi wetu, tusishangae tukisomeshwa vilivyochaguliwa na wengine. Mwenye meza ndiye achaguaye kitakachowekwa juu yake.