Floraidi Haiishi kwa Kuchemsha

Mama wa Maji ya Chai au Usa River, chini ya Mlima Meru, akishateka maji huyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayafunika. Amefuata yote aliyofundishwa na bwana afya, na kweli amewakinga wanawe na kuhara na homa ya matumbo. Floraidi lakini imebaki palepale. Tena kadiri mvuke unavyotoka sufuriani, floraidi ileile inabaki katika maji machache zaidi.

Floraidi ni madini, na haitoki kiwandani. Meru ni mlima wa volkano, na maji ya mvua yanapozama katika miamba na majivu yake huyeyusha madini hayo polepole. Kwingine kalsiamu huyanasa yasizidi kuongezeka majini. Maji ya ukanda huu yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hupanda bila kizuizi. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hadi Nakuru nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kukishusha kiwango chake hadi hiyo 1.5.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla ya kuchomoza, na mengi ya yanayoonekana mtu akicheka huwa yamekamilika kufikia umri wa miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, jino hutoka na mabaka meupe kama chaki, ambayo baadaye hugeuka kahawia. Hali ikiwa mbaya, jino huwa na vishimo. Mswaki hauondoi rangi hiyo, na ni dhuluma kumwita mtoto huyo mchafu. Ikizidi mno kwa miaka mingi, madhara hufika kwenye mifupa: matege kwa watoto, viungo kukakamaa kwa wakubwa.

Dawa ipo, na imefanyiwa kazi hapohapo Meru, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, mkaa wake husagwa kuwa chembechembe, kisha hujazwa ndani ya ndoo ya chujio. Maji yakipita, mkaa huo huikamata floraidi. Mifupa isipoungua vizuri maji hunuka, na familia huliacha chujio kwenye kona. Linalonitia hofu zaidi ni mkaa uliochoka: maji huendelea kutoka meupe, ladha ileile, huku floraidi ikipita yote. Chujio lisilopimwa mara kwa mara silipendekezi kwa mtu.

Mkaa ukikosekana, maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Mwenye bati safi na tangi ayatunze kwa ajili ya watoto wadogo, kwa kunywa na kwa uji, na hayo ayachemshe. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo yapunguzwe, maana mengi huja na floraidi yake.

Jumuiya ya watumia maji ya mtaa wenu itakapoitisha mkutano, msiishie kwenye bei ya ndoo na bomba lililopasuka. Ulizeni floraidi ya chanzo chenu ni miligramu ngapi na ilipimwa lini, kisha jibu liandikwe kwenye ukuta wa kioski.