Fahamu: Tarakimu 60 za LUKU na kioo kidogo cha mita

Nyumba moja ya Isevya, mjini Tabora: bibi anasoma namba kwenye simu, mjukuu anabonyeza. "Nne, saba, saba..." "Bibi, saba ngapi?"

Mwaka 2024 wateja wa TANESCO, shirika la umeme, walionunua umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumiwa, walipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza hayakuwa na uniti hata moja. Yalibadilisha mpangilio wa ndani wa mita. Umeme ulikuja na la tatu.

Kwa nini? Kila tokeni ya umeme, yaani kundi la tarakimu lenye uniti, hubeba muda ilipotolewa, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo haizidi dakika 16,777,216, na zilitimia 24 Novemba 2024, kwa mita zilizohesabu hivyo duniani kote. Mita isiyoboreshwa ingekataa tokeni mpya.

Kwa hiyo kazi ya fundi aliachiwa mwenye nyumba, kwenye kioo chembamba kisichomwonyesha tarakimu zote 20 kwa pamoja. Hapo ndipo penye kasoro. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji walifungiwa mzigo kwa kadiri ya bega. Namba nazo zifungwe kwa kadiri ya kumbukumbu, nne nne. Kioo kiandike kwa Kiswahili: "Kundi la 1 limepokelewa, ingiza la 2." Na kitufe cha kufuta kifute tarakimu moja tu, ili mjukuu asianze upya.