Mzazi, Kazi Yako Haiishii Mlangoni pa Kituo

Alfajiri mjini Mbeya, kabla jua halijachomoza, utawaona akina mama wakielekea Soko la Mwanjelwa, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Huko Mufindi, mvua zinapoanza, wenzao hushika jembe tangu asubuhi hadi jioni. Wote wana swali moja: mtoto abaki na nani?

Njia ni nyingi. Wako wanaomwachia bibi au jirani. Huyo ana mapenzi, lakini pengine nguvu zimepungua au ana shughuli zake. Wako wanaompeleka katika kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakina budi kuandikishwa. Viko pia vituo vya kijiji, ambavyo wazazi wenyewe huvichangia unga, kuni na ujira wa mlezi. Na mtoto akitimiza miaka mitano, darasa la awali katika shule ya msingi humngojea.

Je, ipi ni bora? Jibu halimo katika kuta wala rangi ya jengo. Limo katika mkono wa mzazi, na ushahidi tunao hapa hapa Nyanda za Juu Kusini.

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, na wazazi wakakaa na viongozi wao kutafuta sababu za udhaifu wa watoto. Ilidhihirika kwamba kasoro si chakula tu. Mtoto mdogo huhitaji kula mara kadhaa kwa siku, na mama yuko shambani. Ndipo vijiji vikaanzisha vituo vya kuwalishia watoto mchana. Kati ya mwaka 1984 na 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi asilimia 1.8. Vituo pekee havikuleta hayo. Chanjo na wahudumu wa afya wa vijiji walikuwa na sehemu yao. Lakini shina la yote lilikuwa wazazi waliojua hali ya watoto wao na kuamua la kufanya.

Basi, kabla ya kumkabidhi mwanao, uliza cheti cha kituo. Hesabu watoto kwa kila mlezi. Tazama choo, maji na chungu cha uji. Msimu wa baridi, Juni na Julai, angalia kama jiko la mkaa linawashwa ndani ya chumba kilichofungwa; gesi yake ya sumu huua kimya kimya. Kila asubuhi mweleze mlezi jinsi mtoto alivyolala na alichokula. Jioni umsikilize naye. Hudhuria mkutano wa wazazi hata kama mahindi yanangoja palizi.

Nawe baba, usiseme hiyo ni kazi ya mama. Siku ya kupima uzito, mbebe mtoto wewe. Mlezi hukaa naye saa chache tu. Ninyi mtakaa naye maisha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.