Uhifadhi wa Miswada ya Kale Majumbani katika Pwani ya Waswahili: Kutoka Kunakili hadi Kutunza

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutunza nyumbani miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Yanadai kwamba kupungua kwa wanakili kumeifanya karatasi iliyomo kashani kuwa mara nyingi nakala pekee; kwa hiyo sera haina budi kumtambua mwenye nyumba kuwa mhifadhi wa kwanza.

1. Utangulizi

Katika Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, tendi, barua, hati za mirathi na za mauzo zimerithishwa ndani ya makasha. Kwa muda mrefu uhai wa tendi ulimtegemea mnakili zaidi kuliko karatasi: ukurasa ulipochakaa, matini yalihamishiwa karatasi mpya. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliifanya kazi hiyo hadi karne ya 20, na nakala zake zimo katika makusanyo ya London na Ujerumani. Hati za Kirumi ziliposhika shule na ofisi, wanakili walipungua. Juhudi za J.W.T. Allen, ambaye katalogi yake ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970, ziliokoa sehemu tu. Mingine ingali majumbani.

2. Uharibifu unavyoanza

Kwa mtafiti wa lugha, hasara hutangulia kuchanika kwa ukurasa. Herufi ba, ta, tha, nun na ya huwa na umbo moja zikiwa mwanzoni au katikati ya neno. Kinachozitofautisha ni nukta. Tundu la mdudu likiangukia nukta, au doa la ukungu likifanana nayo, neno hugeuka jingine. Zaidi ya hayo, katika maandishi ya kale ba iliweza kusimamia b, p au mb, hivyo msomaji huongozwa na muktadha. Muktadha ukitoboka, kinachobaki ni kubahatisha.

Ukungu hustawi unyevu wa hewa unapozidi takribani asilimia 65, kiwango kinachopitwa mara kwa mara pwani. Unyevu huohuo huchochea wino wenye chuma kuila karatasi.

3. Utunzaji wa nyumbani

Kasha liwekwe chumba cha ndani, juu ya vigingi, mbali na ukuta wa nje, jiko na paa la bati. Karatasi zilazwe bila kukunjwa, zifungwe kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa. Pini na vibanio vya chuma viondolewe kwa uangalifu kabla havijashika kutu. Kasha lifunguliwe na kukaguliwa kila mwezi, hasa wakati wa masika, ili dalili za mchwa na mende zionekane mapema.

Madhara makubwa mara nyingi hutokana na nia njema. Laminesheni hugandisha plastiki kwa joto na ni vigumu mno kuiondoa bila kuharibu karatasi. Gundi ya utepe huacha madoa. Mfuko wa plastiki uliofungwa hunasa unyevu. Kuanika juani hufifisha wino. Karatasi iliyolowa ipepewe kivulini.

Picha zipigwe kabla ya ukarabati wowote, zikijumuisha pambizo na kurasa tupu, na zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Jina la mrithi na namna mswada ulivyomfikia viandikwe kando, kamwe si juu ya mswada wenyewe.

4. Hitimisho na mapendekezo

Hati za mirathi na ardhi hugusa haki za watu walio hai. Familia inayohofia kunyang'anywa huficha kasha, na kasha lililofichwa halikaguliwi. Inapendekezwa kwamba taasisi za nyaraka zipeleke wataalamu majumbani, zitoe vifaa na mafunzo, ziache miliki kwa familia, na zisisambaze picha bila ridhaa yake. Aidha, usomaji wa hati za Kiarabu za Kiswahili ufundishwe vyuoni, kwani mswada uliotunzwa vyema usiokuwa na msomaji umenusurika nusu tu.