JAMBIA LA ZAMANI AU PAMBO? CHEKI HIVI KABLA HUJATOA HELA

Wauzaji wenzangu, hili somo nimelilipia, nyie lichukueni bure.

Jamaa mmoja alikuja dukani kwangu Tandika na jambia, lile kisu lililopinda wanalovaa Waomani kiunoni. Akasema ni la babu yake, limetoka Unguja. Ala inang'aa, kutu kidogo. Nikajua nimeula! Nikampa 90,000, nikaposti: "Jambia orijino, zaidi ya miaka 100." Mteja akalipa 250,000. Siku ya pili karudi nalo: "Mdogo wangu, hili ni pambo." Nikarudisha hela yote, na kwenye komenti kashaandika.

Ikabidi nijifunze. Jambia la kweli lilitengenezwa lifanye kazi, pambo limetengenezwa litazamwe. Kwa hiyo kagua pale ambapo watu hawatazami.

1. Lichomoe. La kweli lina makali pande zote mbili na mgongo ulioinuka katikati. Langu lilikuwa chuma chembamba kama bati, butu kabisa.

2. Shika mpini, tikisa. Ukicheza, au ukiona gundi mpya, shtuka. Mpini uliotumika umelainika pale mkono unaposhika.

3. Angalia nakshi. Za mkono hazifanani kila moja. Zikifanana zote na kuna mstari wa kalibu, ni za kumimina.

4. Weka sumaku kwenye ala. Ikinasa, hiyo sehemu si fedha. Isiponasa usishangilie, hata shaba na alumini hazinasi.

5. Futa kutu kwa kitambaa kikavu. Ikitoka kirahisi kama rangi, imepakwa. Ila usilisugue ling'ae, likiwa la kweli unaua thamani yake.

Na likiwa la kweli kweli, usikimbilie kulituma nje. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunataka kibali. Uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Mpini wa pembe ya faru au ndovu usiuguse kabisa, hiyo ni kesi.

Lile langu nililiposti upya: "Pambo la ukutani, mtindo wa Oman." Likaenda kwa 60,000. Nimepoteza 30,000, lakini aliyenunua alijua anachonunua. Pambo si kosa jamani, kosa ni kuliuza kwa jina lisilo lake.

Kama huna uhakika, andika "sijui umri wake", piga picha ya bapa na mpini kwa karibu, mteja aamue mwenyewe.

Wewe ushawahi kupigwa na kitu cha "zamani"? Tuambie hapo chini.