Mchoraji wa Mara na mashujaa wa filamu: Mkono ni wako, shujaa ni wa nani?

UKIPITA katika mitaa ya miji kama Musoma na Bunda, si ajabu kukuta ukuta wa saluni ya kinyozi una picha ya Spider-Man, au kibanda cha video kimepambwa kwa roboti na chombo cha kuruka angani. Picha za namna hiyo hazitoki Marekani. Huchorwa na kijana wa mtaani mwenye makopo mawili matatu ya rangi ya mafuta, brashi, na kumbukumbu ya filamu aliyoitazama.

Wengi huiona kazi hii kuwa ni mchezo wa watoto. Lakini kwa mwenye saluni picha hiyo ni tangazo, na kwa aliyeichora ni unga wa nyumbani. Ni biashara kama ilivyo ya dagaa au ya pamba. Ina mtaji wake, msimu wake na hatari yake. Hatari kubwa ni kwamba shujaa anayeuzwa ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hayupo Mara.

Kupenda hadithi za wengine si jambo jipya

Kuchukua hadithi ya kigeni na kuifanya ya kwetu ni desturi ya siku nyingi hapa nchini. Watafsiri wa video kama Lufufu walijipatia jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Baada ya filamu ya Titanic kutoka mwaka 1997, mchoraji Joshua Amandus Mtani aliisimulia kwa katuni katika kitabu alichokiita Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Kwa watu wa Ziwa Victoria, ambao mwaka 1996 walipoteza ndugu katika ajali ya MV Bukoba, habari ya meli kuzama haikuwa ya kigeni.

Hata Butiama ina mfano wake. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa huko, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969. Mwalimu hakuwa mchoraji wa mashujaa, lakini alifanya kile ambacho kila mpenzi wa sanaa hutamani kufanya, yaani kuichukua kazi aipendayo na kuwapelekea watu wake kwa lugha yao.

Tofauti ni moja. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na hakuna wa kumwomba ruhusa. Mchoraji wa Spider-Man hana bahati hiyo. Shujaa huyo alianza kuchapishwa mwaka 1962 na kampuni ya Marvel, ambayo mwaka 2009 ilinunuliwa na Disney. Kampuni za aina hiyo hupata fedha nyingi kwa kuuza vibali vya kuweka picha za mashujaa wao kwenye fulana, mabegi na madaftari.

Hesabu ya fulana 20

Bei hutofautiana kati ya mji na mji, lakini tuchukue mfano. Kijana ananunua fulana 20 zisizo na maandishi kwa Sh7,000 kila moja, ambazo ni Sh140,000. Rangi na vifaa vya kuchapia ni Sh30,000. Nauli ya kwenda na kurudi kati ya Musoma na Bunda, pamoja na chakula, ni Sh10,000. Mtaji wote ni Sh180,000.

Akiuza kila fulana kwa Sh12,000 na zote zikaisha, atapata Sh240,000, yaani faida ya Sh60,000. Lakini akiuza 15 tu, atakuwa amerudisha mtaji wake bila faida hata ya shilingi moja. Faida yote imekaa katika fulana tano za mwisho. Ndiyo maana msimu una maana kubwa.

Bunda ni eneo la pamba, na mkulima huwa na fedha mkononi pamba inaponunuliwa, katikati ya mwaka. Musoma ni mji wa ziwa, na mvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi taa zake hazivuti samaki. Mfanyabiashara anayepeleka fulana mwaloni wakati wa mbalamwezi atakuta wateja wamepumzika na mifuko imepumzika pia.

Sasa iongezwe hatari ya sheria katika hesabu hiyo. Fulana zote 20 zikikamatwa kwa sababu zina picha au alama ya kampuni isiyotoa kibali, kijana huyo hatapoteza faida ya Sh60,000 peke yake. Atapoteza na mtaji wa Sh180,000.

Sheria inasemaje

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili kazi yake, nani anaigeuza na nani anaiuza. Kinga hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, kazi za nje nazo zinalindwa hapa nchini.

Kuchora shujaa wa filamu kwa ajili ya kujifunza, au kwa matumizi yako mwenyewe nyumbani, si sawa na kumchapa kwenye fulana na kumpeleka mnadani. Jambo la kwanza ni matumizi binafsi, la pili ni biashara. Aidha, majina na nembo nyingi za mashujaa hao zimesajiliwa kama alama za biashara, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo hupambana na bidhaa bandia.

Wapo wenye haki wanaowavumilia mashabiki. Nchini Japani, soko la vitabu vya katuni vinavyochorwa na mashabiki, liitwalo Comiket, lilianza Tokyo mwaka 1975 na baadaye likafikia kukusanya watu zaidi ya 500,000 kwa siku tatu. Wachapishaji wengi wa huko hulifumbia macho kwa kuwa linawaletea wachoraji wapya. Kundi maarufu la CLAMP lilianzia katika uchoraji wa aina hiyo. Hata hivyo, kuvumiliwa si kupewa haki, na mwenye mali anaweza kubadili mawazo wakati wowote.

Habari njema ni kwamba zipo hadithi za kisayansi ambazo kinga yake imekwisha. Mwingereza H. G. Wells, aliyefariki mwaka 1946, aliandika mwaka 1898 kitabu cha The War of the Worlds kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia kwa mashine ndefu zenye miguu mitatu. Kwa sheria yetu, kinga ya kitabu hicho ilikwisha mwaka 1996. Mchoraji wa Musoma ana uhuru wa kuzichora mashine hizo zikikanyaga maji ya Ziwa Victoria, ilimradi azichote kutoka kitabuni na si kutoka kwenye filamu ya mwaka 2005. Jules Verne, aliyefariki mwaka 1905, naye hana wa kuombwa kibali.

Somo la dola 130

Lakini sheria hiyohiyo inayomlinda Spider-Man inamlinda pia shujaa atakayebuniwa Bunda, na hapa ndipo vijana wengi hupoteza. Vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, ndio waliombuni Superman. Mwaka 1938 walimuuza pamoja na haki zote kwa dola 130. Superman akaingiza mamilioni, nao wakabaki kuhangaika. Ni mwaka 1975, baada ya malalamiko ya muda mrefu hadharani, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja.

Mkulima analielewa hili bila kufundishwa. Kuuza maziwa ni jambo moja, kuuza ng'ombe ni jingine. Mchoraji anayemruhusu mwenye duka kuchapa shujaa wake kwenye fulana 100 amekama. Anayemwachia shujaa mwenyewe kwa malipo ya siku moja amempa zizi.

Wapo Watanzania waliobaki na ng'ombe wao. Ali Masoud amefahamika nchi nzima kwa jina la mhusika wake, Kipanya. James Gayo amejulikana kwa Kingo. Wahusika hao hawana mabawa wala bunduki za miale. Wana maisha ambayo msomaji anayatambua.

Shujaa mwenye harufu ya nyumbani

Wapo wanaodhani hadithi za sayansi haziendani na jembe wala fimbo ya mchungaji. Majirani zetu wameonyesha kinyume. Mkenya Wanuri Kahiu alitoa mwaka 2009 filamu fupi ya Pumzi, kuhusu dunia iliyokaukiwa maji na mwanamke anayehatarisha maisha yake ili apande mche mmoja. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa filamu kumi fupi za katuni kutoka Afrika, uliopewa jina la Kiswahili la Kizazi Moto. Ndani yake Mganda Raymond Malinga alisimulia habari za wachunga ng'ombe wa zama zijazo.

Nchini Kenya, jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, liliwaonyesha vijana mbinu ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa ni mawindo. Hapo katuni ilifanya kazi ya bwana shamba.

Mara haikosi mali ghafi ya hadithi kama hizo. Ina ziwa, ina ng'ombe, ina migodi ya dhahabu, na ina nyumbu wa Serengeti wanaovuka mto kila mwaka. Shujaa mwenye mtumbwi unaoruka juu ya mawimbi ya Musoma anaweza kutangaza duka la nyavu. Roboti anayepalilia pamba anaweza kupamba duka la pembejeo la Bunda. Mashujaa hao hawahitaji kibali kutoka ng'ambo.

Hatua za kuchukua

Hakimiliki huanza mara tu kazi inapochorwa, lakini siku ya ugomvi kinachotakiwa ni ushahidi. Kwa hiyo mchoraji atie sahihi na tarehe kwenye kila mchoro na atunze nakala ya kwanza. Shujaa akishakamilika, amsajili Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA).

Akianza kumtumia kama nembo ya bidhaa, aende BRELA kusajili alama ya biashara, ambayo hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Na kila anapompa mtu ruhusa ya kumtumia shujaa wake, waandikiane: ni kwa bidhaa gani, ngapi, kwa muda gani na kwa malipo gani. Karatasi moja yenye sahihi mbili na shahidi inatosha kuanzia.

Kuiga mashujaa wa filamu ni shule nzuri ya mkono, na hakuna sababu ya kumcheka kijana anayeanzia hapo. Lakini hakuna anayekaa shuleni maisha yote. Mchoraji akijifunza kwa Spider-Man, kisha akambuni wa kwake na kumwandikisha, fulana zake 20 zitaingia mnadani bila hofu, na hata asipouza zote, shujaa atabaki kuwa wake.